Mwongozo kamili: Kusoma, kupata umri na kutunza postikadi ya zamani ya vichekesho kutoka mashambani Marekani

Mtu anaipata kadi kwenye boksi la vitu vya kale: mkulima amepakia hindi moja kubwa kama gogo kwenye mkokoteni, na nyuma rafiki amemwandikia rafiki mistari minne. Anatazama picha, anaona farasi, anaandika "1890". Au anaona "1908" imechapwa pembeni, anasema ilitumwa 1908. Mara nyingi majibu yote mawili huwa si sahihi.

Kosa ni kuanza na picha. Postikadi moja ina tarehe tatu: mwaka mchoro au picha ilipotengenezwa, mwaka kadi ilipochapwa, na siku ilipotiwa posta. Duka la kijijini liliweza kuuza mzigo uleule kwa miaka mingi, kwa hiyo tarehe hizo hupishana. Mwongozo huu unahusu kadi za kati ya 1901 na 1950, na unaanzia mgongoni.

## Vifaa

- Lenzi ya kukuzia mara 10.
- Rula yenye milimita.
- Taa ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti bandia.
- Tochi au taa ya mezani inayoinamishwa.
- Penseli laini ya 2B na daftari. Weka kalamu ya wino mbali na meza.
- Skana ya kioo. Ikikosekana, simu yenye kamera nzuri na mwanga wa dirishani.
- Brashi laini ya rangi ya maji.
- Mifuko ya polipropilini au poliesta, na sanduku la karatasi isiyo na asidi.
- Kalenda ya miaka yote, ambayo hupatikana bure kwenye simu.

Mikono mikavu iliyooshwa kwa sabuni inatosha kwa kadi iliyochapwa. Kwa kadi ya picha halisi iliyosafishwa studio, vaa glavu za nitraili, maana jasho la kidole huacha alama isiyofutika kwenye uso wake.

## Hatua ya 1: Nakili kwanza, chunguza baadaye

Skani pande zote mbili kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), kwa rangi hata kama kadi ni nyeusi na nyeupe. Hifadhi faili la TIFF kama asili, kisha toa JPEG ya kufanyia kazi. Acha ukingo mdogo kuzunguka kadi ili pembe zionekane.

Rangi ni muhimu kwa sababu wino wa kahawia, penseli na muhuri mweusi hutenganishwa kwa rangi. Ukiskani kwa kijivu, maandishi yaliyopita juu ya muhuri yanaungana nao na hutayatenganisha tena.

Ikiwa kadi imegandishwa kwenye ukurasa wa albamu, usitumie mvuke. Pitisha polepole uzi wa kusafishia meno kati ya kadi na ukurasa, kuanzia pembe moja. Ukigoma, acha, na uskani upande unaoonekana.

## Hatua ya 2: Tambua jinsi ilivyotengenezwa

Weka lenzi juu ya sehemu ya kivuli, si juu ya sehemu nyeupe.

Hakuna nukta kabisa, kivuli kinapita taratibu: ni picha halisi, iliyosafishwa moja kwa moja kwenye karatasi ya picha. Inamisha tochi. Mng'ao wa fedha kama kioo kwenye sehemu nyeusi za kingoni ni dalili nzuri ya umri.

Nukta zilizopangwa kwa mistari kama wavu: ni picha iliyochapwa kwa mashine.

Nukta zisizo na mpangilio, rangi nyingi nzito: ni litografia. Kadi nyingi bora za aina hii, za kabla ya 1914, zilichapwa Ujerumani kisha zikauzwa Marekani. Tafuta neno "Germany" kwa herufi ndogo mgongoni.

Uso wenye michirizi kama kitambaa, rangi kali: ni kadi ya "linen". Jina lisikudanganye: ni karatasi iliyogandamizwa ifanane na kitani. Hizi ni za kuanzia miaka ya 1930 hadi katikati ya karne, na ndizo zilizobeba vichekesho vingi vya uvuvi, nyumbu na vyoo vya nje.

Sasa zima taa ya chumba na uwashe ya urujuanimno. Karatasi ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1940 hubaki hafifu, ya manjano au kijivu. Ikiwaka buluu-nyeupe kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga, ina viangaza vya kisasa: ni nakala mpya hata kama picha yake ni ya 1909. Kadi za mahindi makubwa zimechapwa upya mara nyingi, kwa hiyo usiruke kipimo hiki.

Umefaulu ukiweza kuandika sentensi moja yenye uhakika, kwa mfano: "Picha halisi, karatasi ya zamani, mng'ao wa fedha kingoni."

## Hatua ya 3: Soma mgongo

Kadi ya kawaida ya kipindi hiki ina takriban milimita 89 kwa 140. Ikizidi sana, ni ya baadaye au si postikadi. Ikipungua, kuna mtu aliipunguza kingo.

Kisha angalia mpangilio:

1. Maneno "Private Mailing Card" pamoja na tarehe ya sheria, May 19, 1898. Ni ya 1898 hadi 1901.
2. "Post Card", bila mstari wa katikati. Ni ya kuanzia mwisho wa Desemba 1901 hadi Februari 1907. Ujumbe haukuruhusiwa upande wa anwani, ndiyo maana mwandishi amebanana kando ya picha. Usifikiri ni mtoto aliyeichafua.
3. Mstari unaogawa mgongo mara mbili. Marekani iliruhusu hili kuanzia 1 Machi 1907.
4. Mgongo uliogawanywa, na ukingo mweupe kuzunguka picha iliyochapwa. Kwa kawaida ni 1915 hadi 1930 hivi. Kanuni hii haihusu picha halisi, ambazo zilipata kingo nyeupe wakati wowote.

Angalizo: kipindi cha mgongo hukupa mwaka wa mwanzo tu. Kadi isiyo na mstari iliweza kutumwa 1910 na mtu aliyeikuta kabatini. Kinyume chake hakiwezekani: kadi ya "linen" haiwezi kuwa imetumwa 1912.

Kwa picha halisi, tazama kisanduku cha stempu. Neno AZO, jina la karatasi ya picha, lenye pembetatu nne zinazotazama juu huashiria takriban 1904 hadi 1918. Mbili juu na mbili chini ni takriban 1918 hadi 1930.

Kwa kadi za Curt Teich, kampuni kubwa ya Chicago, tafuta namba ndogo kama 5A-H1234. Herufi ya kwanza ni muongo: A ni miaka ya 1930, B ya 1940, C ya 1950. Tarakimu iliyo mbele yake ni mwaka ndani ya muongo huo, kwa hiyo 5A ni 1935 na 2B ni 1942. Hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote, na inashangaza jinsi watu wanavyoipita kila siku.

## Hatua ya 4: Stempu na ada ya posta

Ada ya kutuma postikadi ndani ya Marekani ilibadilika kwa siku zinazojulikana:

- Senti 1: kuanzia Julai 1898
- Senti 2: 2 Novemba 1917 hadi 30 Juni 1919
- Senti 1: kuanzia 1 Julai 1919
- Senti 2: 15 Aprili 1925 hadi 30 Juni 1928
- Senti 1: 1 Julai 1928 hadi 31 Desemba 1951
- Senti 2: kuanzia 1 Januari 1952
- Senti 3: kuanzia 1 Agosti 1958

Vipindi viwili vifupi vya senti 2 ni vya thamani sana. Stempu ya senti 2 kwenye kadi yenye ukingo mweupe inakuelekeza moja kwa moja 1917–1919 au 1925–1928.

Halafu angalia uso ulio kwenye stempu ya kijani ya senti 1. Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu Benjamin Franklin anaonekana zaidi ya mara moja:

- Franklin, chini yake maneno "ONE CENT" bila tarakimu: toleo lililoanza 1908.
- George Washington wa senti 1: toleo lililoanza 1912.
- Franklin mwenye tarakimu 1 katika pembe mbili za chini na jina lake kwenye utepe: toleo lililoanza 1923.

Usiibandue stempu kwa hali yoyote. Nusu ya muhuri iko juu yake, na ukiitoa umeharibu ushahidi wa tarehe na umeipunguzia kadi thamani.

## Hatua ya 5: Muhuri

Muhuri wa duara una mji, siku, saa, mwaka na jimbo. Kumbuka mambo matatu.

Mji wa muhuri ni mji wa mtumaji. Mji ulio kwenye anwani ni wa mpokeaji. Ikiwa kuna mihuri miwili, wa pili ni wa posta iliyopokea.

Mwezi hutangulia siku. Mtumaji akiandika 8/5/09 anamaanisha tarehe 5 Agosti, si tarehe 8 Mei. Msomaji aliyezoea mpangilio wetu hukosea hapa kila mara.

Herufi R.P.O. ni posta ndani ya treni. Badala ya mji mmoja utaona majina mawili, mwanzo na mwisho wa njia ya reli. Usitafute kijiji chenye majina hayo mawili.

Muhuri ukiwa hafifu, inamisha tochi pembeni kabisa: chuma cha muhuri mara nyingi kiliacha bonde dogo hata pale wino ulipofifia. Kwenye skani, jaribu kutazama mkondo mmoja wa rangi (nyekundu, kijani au buluu) badala ya yote mitatu. Juu ya stempu ya kijani, mkondo wa kijani huipausha stempu na muhuri mweusi hujitokeza.

### Mwaka ukikosekana

Mhuri wa mkono wa posta ndogo mara nyingi haukushika vizuri, na mwaka ndio uliopotea kwanza. Tumia siku ya wiki. Tuseme ujumbe unaanza "Sunday, Aug. 8". Kalenda inaonyesha kwamba 8 Agosti ilikuwa Jumapili mwaka 1909, 1915, 1920 na 1926.

Sasa chuja. Mgongo umegawanywa, kwa hiyo ni baada ya Machi 1907, na yote manne yamebaki. Stempu ni ya senti 1, kwa hiyo 1926 imeondoka, maana mwaka huo ada ilikuwa senti 2. Stempu ni Franklin wa "ONE CENT", iliyobadilishwa na Washington kuanzia 1912, kwa hiyo 1909 inashinda kwa mbali. Andika "huenda 8 Agosti 1909" na uandike sababu zote tatu. Neno "huenda" libaki, kwa sababu mtu aliweza kuwa na stempu ya zamani ndani ya mtoto wa meza.

Umefaulu ikiwa mtu mwingine akisoma sababu zako peke yake anafika kwenye mwaka uleule.

## Hatua ya 6: Soma mwandiko

Anza na anwani, usianze na ujumbe. Jina la mji na jimbo unaweza kulihakiki kwenye ramani, na ukishalijua umepata ufunguo wa herufi za mwandishi huyo: R yake, S yake, jinsi anavyounganisha "o" na "n". Andika alfabeti yake pembeni, kisha uingie kwenye ujumbe.

Vifupisho utakavyokutana navyo:

- R.F.D. 2 au R. R. 2: njia namba 2 ya mpeleka barua wa mashambani. Huduma hii ilianza majaribio West Virginia mwaka 1896 na ikawa ya kudumu 1902. Mkulima hakuwa na mtaa wala namba ya nyumba, bali sanduku kando ya barabara.
- City: mpokeaji yuko mji uleule wa mtumaji.
- Co. baada ya jina: kaunti.
- Rec'd yours: nimepokea yako.
- inst.: mwezi huu. ult.: mwezi uliopita.
- bu.: busheli, kipimo cha nafaka.

Tahadhari ya lugha: kwa wakulima hao, "dinner" kilikuwa chakula cha mchana na "supper" cha jioni. Mwaliko wa "dinner" ni wa saa sita, si wa usiku. Na "corn" ni mahindi.

Kazi za shamba pia hutaja msimu. Akisema wapuraji wa ngano wanakuja kesho, uko katikati ya kiangazi, Julai au Agosti. Akisema wanamenya mahindi shambani, uko Oktoba au Novemba. Linganisha na muhuri. Visipokubaliana, huenda umeusoma mwezi vibaya: "Jan" na "Jun" hufanana sana chini ya wino uliofifia.

Onyo kubwa: maandishi yanayofanana na penseli ya kawaida yaweza kuwa ya penseli ya kunakilia, ambayo hugeuka zambarau na kuenea ikiguswa na unyevu. Tone moja la maji au mate linatosha kufuta sentensi. Ukiona madoa madogo ya zambarau, ndiyo hiyo.

## Hatua ya 7: Elewa kichekesho

Ukiishia kwenye tarehe, umefanya nusu ya kazi. Marafiki hawa walichagua picha makusudi, na mara nyingi ujumbe hauna maana bila hiyo picha.

Kadi za kutia chumvi. Hizi ni hindi lenye urefu wa behewa la treni, viazi viwili vilivyojaza mkokoteni, sungura wa kupandwa kama farasi. Ziliunganishwa kwa kukata picha mbili za vipimo tofauti, kuzibandika na kuzipiga picha upya. William H. Martin wa Ottawa, Kansas, alianza kuzitengeneza kama 1908, na Alfred Stanley Johnson Mdogo wa Waupun, Wisconsin, alikuwa bingwa mwingine. Kipindi cha ukame wa miaka ya 1930, Frank D. Conard wa Garden City, Kansas, alitengeneza panzi wakubwa kuliko watu. Shamba lililoliwa na panzi halikuwa mzaha kwa aliyekuwa analilima, na hapo ndipo penye uzito wa kichekesho chake. Tafuta mshono kwa lenzi: vivuli vinavyoelekea pande tofauti, au ukingo mkali kuzunguka hindi.

Mshamba mjini. Mzee mwenye ndevu za kidevuni na jani mdomoni akishangaa magari na taa. Kadi hizi zilimcheka mkulima, lakini wakulima wenyewe walizinunua na kutumiana. Soma ujumbe kabla ya kuhukumu: kati ya marafiki ulikuwa utani wa kweli, kama mtu anavyomwita mwenzake mshamba huku akimkaribisha chai.

Wanawake wanaokimbiza wachumba. Zilitolewa hasa kwa miaka mirefu (yenye 29 Februari), 1908 na 1912, kwa sababu ya mila iliyosema mwaka huo mwanamke anaruhusiwa kuposa. Ukiona mada hii bila tarehe, anza na miaka hiyo.

Gari la Ford linalokataa kuwaka. Model T ilianza kuuzwa Oktoba 1908, kwa hiyo kichekesho hakiwezi kuitangulia.

Pombe iliyofichwa. Marufuku ya pombe ilidumu kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1933.

Choo cha nje. Kilipendwa sana kwenye kadi za miaka ya 1930 na 1940. Mradi wa ajira wa serikali, WPA, ulijenga zaidi ya vyoo milioni 2 vya aina hiyo vijijini, kwa hiyo kila mtu alijua kinachochekwa.

Angalia pia alama za mkono juu ya picha. Alama ya X juu ya kichwa cha mchoro, au jina lililoandikwa pembeni ya nyumbu, ndilo lililokuwa lengo la kadi nzima: "huyu ni wewe". Usizifute ukidhani ni uchafu.

Na kuna kadi zisizochekesha. Kadi nyingi za "vichekesho" za miongo hiyo ziliwadhihaki Wamarekani weusi kwa michoro ya matusi na lafudhi ya kubuni. Kwenye daftari lako eleza kilichochorwa kwa maneno ya wazi, usikipake sukari. Mara nyingi ujumbe wa nyuma unahusu hali ya hewa na afya ya mama tu. Nakili vyote viwili pamoja, kwa sababu utulivu wa ujumbe huo unaonyesha matusi yalivyokuwa ya kawaida kwa aliyeituma.

## Hatua ya 8: Tafuta waliokuwa marafiki

Una jina, mji, kaunti na mwaka. Fungua akaunti ya bure FamilySearch, tovuti ya kutafuta nasaba, na utafute sensa iliyo karibu na mwaka huo: 1900, 1910, 1920, 1930, 1940 au 1950. Sensa za Marekani hufunguliwa baada ya miaka 72, kwa hiyo ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022. Ile ya 1890 usiihangaikie, maana karibu yote imepotea.

Tafuta kwa kaunti, si kwa mji. Posta nyingi ndogo zilifungwa baada ya wapeleka barua kuanza kufika mashambani. Marekani ilikuwa na posta 76,945 mwaka 1901, na hazikufika tena idadi hiyo. Jina lililo kwenye muhuri laweza kuwa la mahali pasipo kwenye ramani ya leo.

Kisha ingia Chronicling America, hazina ya magazeti ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Magazeti ya vijijini yalikuwa na safu za nani amemtembelea nani Jumapili. Humo ndimo utakapoona majina mawili ya kadi yako yakikutana. Andika jina la ukoo kwa tahajia mbili tatu, maana usomaji wa mashine kwenye magazeti hayo hukosea.

Ukiweka kadi mtandaoni, funika majina ya watu wanaoweza kuwa hai, pamoja na anwani ambazo bado zinatumika.

## Hatua ya 9: Itunze

Piga vumbi kwa brashi kuanzia katikati kwenda nje. Usitumie maji, kifutio juu ya picha, wala tepu.

Ingiza kadi moja katika kila mfuko. Plastiki laini yenye harufu kali kama ya pazia jipya la bafuni ni PVC: hutoa kemikali zinazonata kwenye wino. Simamisha mifuko ndani ya sanduku, isibanane.

Kadi iliyojikunja iweke kati ya karatasi mbili safi za kunyonya unyevu, juu yake vitabu viwili, kwa wiki moja au mbili. Picha halisi usiikunje kinyume kwa mkono, maana uso wake hupasuka.

Unyevu wa 30 hadi 50% na joto lisilozidi nyuzi 21 ndiyo hali nzuri. Dar es Salaam, Mombasa au Muscat hali hiyo haiji yenyewe. Tumia boksi la plastiki ya polipropilini lenye mfuniko unaobana, weka vipakiti vya silika na kipimo kidogo cha unyevu ndani, na ukaushe vipakiti kila kipimo kinapopita 50. Boksi lisiguse ukuta wa nje wala sakafu. Ukiona vitone vya kahawia vilivyoongezeka tangu ulipoiskani, unyevu umeingia: linganisha na faili lako la TIFF, toa kadi hiyo kando ya nyingine, na ubadilishe silika siku hiyohiyo.